Vuli ya kwanza na mtoto mdogo Marekani ya kaskazini: mwongozo kamili, kuanzia matufaha hadi bata mzinga

Kwetu vuli ni mvua. Zikichelewa watu hutazama mawingu, zikija watu hupanda. Kwa familia iliyohamia Minnesota, Ohio, Maine au Ontario kule Kanada, neno ni lile lile ila mambo ni mengine: miti inapukutisha majani, jioni zinafupika, na karibu kila kitu ambacho wenyeji hufanya na watoto wao kinabanwa ndani ya wiki saba au nane, katikati ya Septemba hadi mwanzo wa Novemba. Kalenda inasema majira haya huisha Desemba 21. Usiitegemee. Novemba ikishika, mtoto wa mwaka mmoja hakai nje muda mrefu bila kulia.

Makosa mengi huanzia kwenye kutaka yote kwa siku moja: shamba, maboga, trekta, picha, chakula cha mgahawani. Mtoto wa umri huu ana saa chache tu za uchangamfu kati ya usingizi na usingizi, na safari yenyewe ya kwenda shambani inamega humo. Chagua jambo moja kwa wikendi moja. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 3 ndiye tuliyemlenga hapa. Kwa aliye mdogo zaidi chukua sehemu za nguo, afya na usingizi, mengine yangoje mwakani. Saa zote ni za Kiswahili.

Tarehe za kuandika ukutani

Mwanzo wa Septemba: miadi ya chanjo. Katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba: matufaha. Majani huwaka rangi mwisho wa Septemba kaskazini mwa Minnesota na Maine, na hushuka taratibu hadi kusini mwa Ohio katikati au mwisho wa Oktoba. Maboga yapo Oktoba nzima, lakini wikendi mbili za mwisho foleni ya magari peke yake inamaliza uchangamfu wa mtoto. Oktoba 31 ni Halloween, jioni ambayo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kuomba pipi nyumba kwa nyumba. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma. Siku ya Shukrani, karamu ya familia yenye bata mzinga, ni Alhamisi ya nne ya Novemba Marekani. Kanada huila mapema, Jumatatu ya pili ya Oktoba.

Afya kabla ya matembezi

Chanjo ya mafua ya msimu hutolewa kuanzia miezi 6. Mtoto anayeipata kwa mara ya kwanza anahitaji dozi mbili, na kati yake zipite wiki nne au zaidi. Piga hesabu kurudi nyuma: dozi ya kwanza mwisho wa Septemba, ya pili mwisho wa Oktoba, kisha kama wiki mbili kinga ijijenge. Ukianza Novemba, mtoto anafika kwenye karamu ya Shukrani, na mashangazi wote wanaotaka kumbusu, akiwa na kinga nusu. Kwa aliye chini ya miezi 8 muulize daktari pia kuhusu sindano ya kingamwili dhidi ya RSV, virusi vinavyoshambulia mapafu ya watoto wachanga; sindano hiyo kwa kawaida hutolewa Oktoba hadi Machi.

Jambo la pili ni vitamini D. Ile desturi ya kumwotesha mtoto jua la asubuhi haifanyi kazi huku kuanzia kama Novemba. Jua liko chini mno, miale inayotengeneza vitamini hiyo haifiki, na ngozi nyeusi huhitaji mwanga mwingi zaidi kupata kiasi kile kile. Mtoto anayenyonya hupewa matone ya uniti 400 kwa siku tangu siku zake za mwanzo. Akitimiza mwaka, mahitaji yake ni uniti 600 kwa siku, na daktari atakuambia ni kiasi gani kitoke kwenye chupa na kiasi gani kwenye maziwa. Soma kipimo cha chupa yenyewe, kwa sababu chapa moja inatoa 400 kwa tone moja na nyingine kwa mililita nzima.

Ngozi nayo hubadilika wiki ile ile hita inapowashwa. Hewa ya ndani inakauka, magoti na mashavu yanapauka, na mtoto mwenye pumu ya ngozi anaanza kujikuna usiku. Muogeshe dakika 5 hadi 10 tu kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe kwa kumgusagusa na taulo bila kusugua, umpake mafuta ya mgando akiwa bado na unyevunyevu. Mafuta yanafungia maji yaliyopo tayari. Ukipaka juu ya ngozi iliyokwisha kauka unapata mng'ao tu.

Nguo, na tatizo la koti ndani ya gari

Wenyeji wana kanuni: mtoto avae tabaka moja zaidi ya mtu mzima. Kanuni hiyo ilitungwa na watu waliozaliwa kwenye baridi. Mzazi aliyetoka Tanga huvaa sweta mbili kwenye nyuzi 15, na akimwongezea mtoto moja, mtoto anachemka. Usipime kwa mwili wako. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo ya mtoto: pakiwa na joto kavu, sawa, pakiwa na jasho, punguza, pakiwa baridi, ongeza. Mikono na miguu haikupi jibu, maana kwa watoto wadogo hupoa hata mwili ukiwa na joto la kutosha.

Redio na simu za Marekani husoma Farenihaiti, kwa hiyo zoea namba hizi. Nyuzi 60 (kama 15 za Selsiasi): fulana ya mikono mirefu, suruali, sweta nyepesi. Nyuzi 50 (10): ongeza koti jepesi na kofia. Nyuzi 40 (4 au 5): fulana ya ndani, sweta, koti nene, kofia ya sufu, glavu na buti. Pamba ikilowa hubaki na ubaridi mwilini, kwa hiyo tabaka la juu liwe la sufu au kitambaa cha manyoya laini, na begi liwe na suruali na soksi za akiba. Nyasi za asubuhi zina umande hadi saa 4.

Mbeleko inafaa sana majira haya. Mtoto aliye kifuani au mgongoni anapata joto la mwili wako, hivyo mhesabie tabaka moja pungufu. Uso wake uonekane na kidevu kisizame kifuani.

Sasa koti nene na kiti cha gari. Haviendi pamoja. Koti lililojaa hewa linabonyea gari likigonga, mikanda inabaki imelegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Jaribu mwenyewe: mvishe koti, mfunge, kaza mikanda hadi isifinyike kwenye bega. Mfungue bila kulegeza mikanda, mvue koti, umfunge tena. Ukiweza sasa kufinya mkunjo wa mkanda kati ya vidole, ulegevu huo ulikuwapo muda wote ukifichwa na koti. Mfunge akiwa na sweta, kisha mfunike kanga nzito au blanketi juu ya mikanda.

Usiku, aliye chini ya mwaka mmoja halali na blanketi wala kofia. Mvishe gunia la kulalia lenye zipu, chumba kikiwa kati ya nyuzi 68 na 72 za Farenihaiti.

Shamba la matufaha

Tufaha, au epo kama wengi wanavyosema, haliivi lote kwa wakati mmoja, na mashamba hutangaza kila wiki aina gani iko tayari. McIntosh na Gala huanza mapema Septemba. Honeycrisp, iliyozalishwa Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima mwaka 1991, hufuata karibu na katikati ya mwezi. Ni kubwa, ina maji, na bei yake ni ya juu. Fuji na Granny Smith husubiri hadi Oktoba, nyingine mwisho wake. Ukienda na mtoto, aina isikusumbue. Uliza safu ipi ina miti mifupi yenye matawi ya chini, maana yeye atachuma yaliyo usawa wa macho yake tu.

Fika shamba linapofunguliwa, saa 3 au 4 asubuhi. Kwa kawaida unalipia mfuko kwanza kisha unaujaza. Nusu peki ni kama kilo 2 na nusu, peki nzima kilo 5, busheli karibu kilo 19. Familia ya watu watatu haihitaji zaidi ya peki moja. Busheli inaonekana rahisi ukigawa bei kwa kilo, hadi wiki ya tatu unapoanza kutupa.

Kuchuma kuna namna yake. Weka tufaha kwenye kiganja, linyanyue kuelekea juu huku ukilizungusha kidogo. Lililoiva linaachia na kikonyo chake. Ukilivuta kuelekea chini unang'oa na kile kijiti kifupi ambacho kingezaa mwakani, na tawi likirudi kwa nguvu linaangusha mengine matano. Kwa mtoto, weka kiganja chako chini ya chake, umwache anyanyue yeye. Atatumia dakika tatu kwa tufaha moja. Mwache. Kisha atataka kuling'ata papo hapo. Fizi zenye meno mawili haziingii mbali, lakini kipande kikimeguka kinaweza kumkaba, hivyo mpe alishike uso kwa uso na wewe, usimpe akiwa mgongoni.

Yaliyoanguka chini yaache, kwa sababu ndiyo yanayogusa kinyesi cha wanyama, na Septemba nyigu wamejaa humo. Kigari cha magurudumu madogo hukwama kati ya safu, mvua ikiwa imenyesha ndio usilete kabisa. Kukiwa na mbuzi wa kushikwa, mnawishe mtoto kwa maji na sabuni mara tu mnapotoka bandani. Jeli ya mikono haitoshi kwa uchafu wa zizi.

Kuna kinywaji cha matufaha yaliyokamuliwa, chenye rangi ya chai, kinachouzwa kwa glasi. Uliza kama kimepashwa moto kuua vijidudu. Marekani, kile cha chupa ambacho hakijapashwa hutakiwa kuwa na onyo, lakini cha glasi hakilazimiki, kwa hiyo ukimya wa kibanda hauna maana kwamba ni salama. Kisichopashwa usimpe mtoto. Nunua, uende ukakichemshe nyumbani.

Nyumbani, kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea: menya matufaha manne, katakata, weka mililita 100 za maji, funika, pika moto mdogo dakika 12 hadi 15, ponda. Bila sukari. Aliyevuka mwaka anaweza kula lililokwaruzwa kwenye kikwaruzio au vipande vilivyochemshwa vikalainika. Tufaha bichi la vipande linabaki hatari ya kumkaba mtoto hadi kama miaka 4. Asali hapewi kabla ya mwaka mmoja, hata kidogo, hata ikiwa ndani ya chakula kilichopikwa.

Hifadhi matufaha kwenye friji ndani ya mfuko uliotobolewa, na usiyaweke karibu na ndizi za kupika. Yanatoa gesi inayoivisha, na mkungu uliosafiri kutoka duka la Kiafrika ukiwa mbichi utaukuta umekuwa wa njano kabla hujapika.

Maboga: la mlangoni na la sufuriani

Usichanganye haya mawili. Boga kubwa la rangi ya machungwa linalorundikwa mashambani Oktoba limezalishwa kwa sura. Nyama yake ina nyuzi na maji mengi, na ukilitia tui linageuka uji usio na ladha. La kupika tafuta lile dogo linalouzwa kwa ajili ya pai, la kilo moja na nusu hadi tatu, au bora zaidi kabocha, lile la kijani lenye nyama kavu na tamu. Kabocha ndilo lililo karibu kabisa na boga la nyumbani.

Kuchagua: kikonyo kiwe kigumu, ukucha wa gumba usizame kwenye ganda, na kitako kisiwe na doa laini. Libebe kwa mikono miwili chini yake. Kikonyo kikikatika, uozo unaingia hapo.

Kuchonga sura ni kazi ya mtu mzima. Mtoto wa chini ya miaka 3 mpe lake zima, dogo, alipake rangi: mtindi vijiko viwili na tone la rangi ya chakula, kwa sababu vidole vitaishia mdomoni. La kuchongwa lichongwe siku mbili au tatu kabla ya Oktoba 31, si zaidi, maana ndani ya nyumba yenye joto linaanza kuota ukungu siku ya nne. Kwangua utando wote, suuza ndani kwa lita 4 za maji zenye kijiko kikubwa kimoja cha jiki, lianike likauke. Ndani yake tia taa ndogo ya betri, si mshumaa. Mbegu zikaange kwenye oveni nyuzi 325 za Farenihaiti kwa dakika 20 hadi 30 kwa ajili ya watu wazima; mtoto zinamkaba.

Hili hapa boga la nazi, kwa kabocha moja ya kilo moja na kopo la tui la mililita 400:

1. Ganda la kabocha ni gumu kama gogo. Litoboe kwa uma mara chache, litie kwenye maikrowevu dakika 3, kisha ndipo ulipasue. Toa mbegu, menya, kata vipande vya sentimita 4.
2. Kopo usilitikise. Likiwa limekaa friji usiku mmoja, tui zito linapanda juu. Lichote uliweke pembeni. Yaliyobaki chini yachanganye na kikombe kimoja cha maji, hilo ndilo tui jepesi lako. Makopo mengine yana gundi inayozuia kutengana. Hapo gawa tu nusu kwa nusu.
3. Panga vipande kwenye sufuria safu moja, mimina tui jepesi, funika, pika moto wa wastani dakika 12 hadi 15. Usikoroge kwa mwiko, vipande vitavunjika. Shika masikio ya sufuria uitikise.
4. Kisu kikipita bila kugoma, toa sehemu ya mtoto, ponda, iache ipoe. Sukari na chumvi havijaingia bado, na hiyo ndiyo maana ya kuitoa sasa.
5. Kwenye iliyobaki tia sukari vijiko 3 vikubwa, iliki punje 4 zilizotwangwa, chumvi kidogo sana, na tui zito. Moto mdogo, bila kifuniko, dakika 5. Likichemka kwa fujo tui linakatika na mafuta yanaelea juu.

Ukipenda kumbukumbu ya kila mwaka, iweke hapa, haigharimu kitu. Tandika kanga ile ile, weka boga la kilo 5 (shambani huwa wanapima), mkalishe mtoto upande wa kushoto, piga picha ukiwa umesimama. Mwaka wa kwanza boga linaonekana kubwa kando yake. Kanga ndiyo kipimo kisichodanganya, na bibi na babu walio Tabora au Bukavu wataitambua kwenye simu kabla hawajauliza mtoto anaendeleaje.

Majani

Mtoto wa miaka 2 na nusu atauliza kwa nini. Jibu fupi la kweli: mti unaacha kutengeneza rangi ya kijani siku zinapofupika, na njano iliyokuwa imejificha chini inaonekana. Nyekundu ni habari nyingine, mti unaitengeneza wakati huo huo kwa sukari iliyonaswa kwenye jani. Ndiyo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha ndio wenye wekundu mkali.

Lundo la kurukia lirundike uani, mbali na barabara. Kando ya barabara usimruhusu kamwe, kwani dereva haoni mtoto aliye ndani ya majani. Kagua kwanza kama kuna vijiti, chupa au kinyesi cha mbwa. Urefu wa goti la mtu mzima unatosha. Na utumie majani yaliyoanguka siku hiyo au jana yake, maana yaliyolowa siku tatu yana ukungu unaokohoza.

Baada ya majani, kagua kupe. Wengi hudhani kupe ni wa kiangazi, lakini kupe wa kulungu, anayeeneza ugonjwa wa Lyme, akiwa mkubwa hutembea sana Oktoba na Novemba. Mvue mtoto nguo zote bafuni, angalia nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele, kati ya misuko, kwapani, kitovuni, mapajani na nyuma ya magoti. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja juu bila kuzungusha, safisha kwa sabuni. Usimpake mafuta wala kumchoma. Andika tarehe, na ukiona wekundu unaotanuka au homa wiki zinazofuata, nenda kwa daktari.

Halafu kuna mtambaazi ambao Wamarekani huuita poison ivy. Kila kikonyo kina vijani vitatu, na vuli huwa vyekundu vya kupendeza kuliko karibu kila kitu kando ya njia, ndiyo maana watoto huviokota. Utomvu wake hutoa malengelenge yanayowasha kwa wiki. Vijani vitatu, pita. Wala usichome moto takataka zenye mmea huo, moshi wake unaingia mapafuni.

Kuhifadhi majani mazuri: okota yanayopinda bila kuvunjika, yapange kati ya kurasa za gazeti, weka chini ya vitabu vizito. Badilisha gazeti baada ya siku mbili. Baada ya siku 7 hadi 10 yamekauka. Yaliyopakwa gundi kwenye karatasi pamoja na alama ya kiganja cha mtoto huweza kukaa miaka ukiyaficha mbali na dirisha. Jua linaiba rangi.

Oktoba 31

Amueni mapema, wazazi wote wawili, kabla mwalimu hajaleta karatasi. Familia nyingi za Kiislamu na za walokole hazishiriki, na hilo halina shida shuleni ukiandika mistari miwili katikati ya Oktoba: mtoto hatavaa vazi la sherehe, je, kuna shughuli nyingine siku hiyo? Makanisa mengi hufanya sherehe ya mavuno jioni hiyo hiyo, na pipi hugawiwa kwenye maegesho kutoka nyuma ya magari.

Mkishiriki, chini ya miaka 3 nyumba tano zinatosha. Taa ya barazani ikiwaka maana yake karibuni, ikizimwa, piteni. Tokeni magharibi kabla giza halijashika. Vazi lisiburute, lisizibe macho, na lipite juu ya sweta, kwa sababu usiku huo Minnesota huweza kuwa na theluji. Kitenge kilichoshonwa mbawa za kipepeo hufunika sweta vizuri na hakina barakoa. Bandika utepe unaong'aa mgongoni. Nyumba yenye boga la rangi ya samawati-kijani inagawa vitu visivyoliwa, na kwa mtoto mdogo ndizo nyumba nzuri kuliko zote. Pipi ngumu, karanga, bisi na ubani wa kutafuna vyote ni vya kukaba. Vinaliwa na baba.

Saa zinaporudi nyuma

Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa 8 usiku inakuwa saa 7. Watu wazima wanapata saa moja ya usingizi, wazazi hawapati, maana mtoto anayeamka saa 12 asubuhi ataamka saa 11. Anza Jumatano iliyotangulia. Kama hulala saa 1 usiku, Jumatano mlaze saa 1:15, Alhamisi 1:30, Ijumaa 1:45, Jumamosi saa 2. Jumapili saa 2 ya zamani ndiyo saa 1 mpya. Sogeza na chakula na usingizi wa mchana kwa dakika hizo hizo, la sivyo tumbo litamwamsha. Minneapolis, kuanzia siku hiyo jua linazama karibu na saa 11 jioni au kabla, hivyo matembezi yote yahamie asubuhi.

Meza ya Shukrani

Wenyeji hula mapema, kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, yaani katikati ya usingizi wa mchana wa mtoto. Mkialikwa, mlaze kabla, mfike amechangamka. Mkialika ninyi, hakuna anayewazuia kuweka pilau na kachumbari kando ya bata mzinga. Meza nyingi za Waswahili huku ndivyo zilivyo. Anayetaka wa halali aagize kwa mchinjaji wiki tatu kabla.

Bata aliyegandishwa huyeyushwa ndani ya friji, siku moja kwa kila kilo 2. Wa kilo 6 aingie friji Jumapili. Akiachwa juu ya meza, nje anaoza ndani bado barafu. Usimwoshe kwenye sinki. Maji yanarusha vijidudu hadi kwenye chupa za mtoto zinazokauka pembeni. Soma karatasi yake: wengi wamedungwa maji ya chumvi kiwandani, na ukiongeza chumvi yako hataliwa. Twanga tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, changanya na ndimu na siagi, ingiza chini ya ngozi ya kifua. Oveni nyuzi 325 za Farenihaiti, saa 3 hadi 3 na dakika 45 kwa kilo 6 bila kujaza kitu tumboni. Kifua huiva kabla ya paja, na huko ndiko kukauka kunakolalamikiwa; rangi ikishika, kifunike kwa karatasi ya foili, kisha pima paja kwa kipimajoto mbali na mfupa hadi kisome 165. Mpumzishe dakika 30 kabla ya kukata.

Sehemu ya mtoto ni nyama ya paja, iliyochambuliwa nyuzi nyuzi na kulainishwa kwa mchuzi usio na chumvi, pamoja na lile boga ulilolitoa kabla ya sukari. Masalio yaingie friji ndani ya saa 2 na yaliwe ndani ya siku 3 au 4. Mifupa ichemshe Ijumaa kwa saa 3, chuja, gandisha kwenye trei ya barafu: kipande kimoja kinatosha kulainisha bakuli moja la ugali wa mtoto.